Hodhi Kubwa la Maji ya Bahari kwa Mfuko wa Wastani



Barua iliyo mbele yangu juma hili imetoka kwa mama mmoja wa Kisauni, nami nimemwomba idhini niijibu hadharani kwa kuwa swali lake limo katika nyumba nyingi za mwambao wetu. Jirani yao anahamia bara, na kabla ya kuondoka amewapa hodhi la kioo la kufugia samaki, lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50. Kijana wao wa miaka 14 halali kwa furaha. Ataka kulijaza maji ya bahari na samaki wa rangi. Babake amekataa. Asema hiyo ni israfu, na kwamba mwaka jana walikuwa na kihodhi cha lita 40, umeme ukapotea usiku mmoja, na kulipokucha samaki wote sita walikuwa wakielea ubavu. Kijana alilia siku mbili. Mama auliza: “Sheikh, nimsikilize yupi?”

Bi mkubwa, msikilize mumeo kwanza, kwa sababu hoja zake mbili ni za haki. Mali ya nyumba ina mpangilio: chakula, kodi, ada za watoto, dawa, haki za wazazi. Ikiwa hodhi hili litagusa hata kimoja katika hivyo, basi muuzieni mwingine, na mazungumzo yaishe hapo. Hoja ya pili ni roho za viumbe. Sote twakijua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Lakini twakijua pia kisa cha mtoto Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kidege chake cha kucheza naye, na Mtume (S.A.W.) akimuuliza habari za kidege hicho kwa upole. Wanavyuoni walichukua humo kwamba kufuga kiumbe kwa ajili ya kuliwazika kwafaa, maadamu kiumbe hapati dhiki. Basi swali si kama yafaa. Swali ni kama mwaweza kuwafanya samaki wale waishi vyema, kwa pesa mlizo nazo. Mimi nimefuga samaki wa bahari kwa miaka kumi na moja nyumbani kwangu, na jibu langu ni kuwa yawezekana, kwa subira nyingi zaidi kuliko pesa.

Nianze na jambo ambalo huenda likamshangaza baba: hodhi kubwa ni salama kuliko dogo. Watu hudhani kidogo ni rahisi, kama vile kuanza na kuku wawili kabla ya kufuga hamsini. Kwenye maji mambo ni kinyume. Chukulia maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Joto likikausha lita moja katika kihodhi cha lita 30, chumvi itapanda hadi gramu 36.2, na samaki ataihisi. Lita hiyo hiyo ikikauka katika hodhi la lita 300, chumvi itafika 35.1 tu, na samaki hana habari. Ndivyo ilivyo pia kwa joto na kwa uchafu. Samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe katika kihodhi kidogo, sumu ya mzoga wake itawaua wenziwe kabla hamjajua. Katika lita 300 mna siku moja au mbili za kumtafuta. Samaki sita ndani ya lita 40, bila njia ya kuwapa hewa umeme ukipotea, walikuwa wamehukumiwa tangu siku waliyoingia. Kijana hakufanya uzembe. Alipewa chombo kisichosamehe.

Sasa hodhi lenyewe. Vipimo mlivyoniandikia vyatoa lita 300, na maji hayo peke yake ni zaidi ya kilo 300. Ongezeni vioo, mawe na meza, jumla haipungui kilo 400. Eneo lake ni kama la msala mmoja, basi fikirini watu wazima sita wamesimama juu ya msala mmoja usiku na mchana kwa miaka. Mkikaa chini, sakafu ya saruji itabeba. Mkikaa ghorofani, hodhi liwekwe kando ya ukuta unaobeba jengo, wala lisiwe katikati ya chumba, na muulizeni fundi wa ujenzi pamoja na mwenye nyumba kwanza. Meza achonge seremala kwa mbao nene, miguu ikiungwa moja kwa moja chini ya ubao wa juu ili uzito ushuke kwenye mbao na si kwenye misumari. Lazima pimamaji aonyeshe usawa kamili pande zote. Chini ya kioo tandikeni kipande cha ile sponji nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni mpya, ili punje ya mchanga isije ikapasua kioo.

Kabla ya kuliingiza ndani, lijazeni maji ya bomba uani juu ya mahali palipo sawa, mliache siku tatu. Kaguzeni pembe kwa karatasi kavu. Likivuja, kazi si ngumu ila ni ya taratibu: silikoni ya zamani ikwanguliwe yote kwa wembe, pembe zifutwe kwa spiriti, ipakwe silikoni mpya isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, na iachwe juma zima ikauke. Zile za bafuni aghalabu zina dawa hiyo, nayo huua samaki. Kioo kwa kimo cha sentimita 50 na urefu huu kisipungue unene wa milimita 10, na kiwe na ukanda wa kioo unaoshika ukuta wa mbele na wa nyuma kwa juu. Ukanda huo ukiwa umevunjika, usijazwe maji hata mara moja kabla haujarudishwa. Muulizeni jirani pia kama aliwahi kutia dawa ya shaba kutibu samaki. Shaba huganda kwenye silikoni na mawe ya zamani, na baadaye kamba na konokono wenu watakufa bila sababu mtakayoiona. Kuosha ni kwa siki na maji. Sabuni haina nafasi hapa.

Nakuja kwenye maji, na hapa ndipo sisi watu wa pwani tumeneemeshwa kuliko matajiri wa Ulaya. Huko mfugaji hununua ndoo ya chumvi maalumu kwa bei kubwa, akaikoroga na maji yaliyochujwa. Sisi bahari iko mlangoni. Wapo wanaofikiri njia ya mkato ni kununua chumvi ya Gongoni au Marereni na kuikoroga, kwa hoja kwamba nayo imetoka baharini. Sivyo. Katika mashamba ya chumvi maji hukaushwa kwa jua kidogo kidogo. Chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha chumvi ya kupikia, na magnesi na potasi hubakia katika yale maji machungu ya mwisho ambayo hayaingii guniani. Chumvi ile ni nzuri kwa mchuzi. Kwa samaki ni bahari iliyonyang’anywa nusu ya vitu vyake.

Basi tekeni maji yenyewe. Mnahitaji mitungi 15 ya lita 20 kwa kuanzia, na tuktuk itaibeba kwa safari mbili au tatu. Mitungi iwe ya plastiki ya kuwekea chakula, isiyowahi kutiwa mafuta ya taa, dawa za shamba wala sabuni. Tekeni maji yanapojaa, saa moja au mbili kabla hayajafika kilele, maana wakati huo yanatoka bahari kuu na kuingia. Maji yanayopwa hurudi na taka za ufuo. Siku za bamvua ndizo bora, kwa kuwa maji huja kwa nguvu na kwa wingi. Msiteke Kilindini wala katika hori za Tudor na Mtwapa, kwa ajili ya mafuta ya vyombo na majitaka. Msiteke baada ya mvua kubwa. Upande wa Malindi, Mto Sabaki ukishuka na udongo wake mwekundu, maji ya ghuba hayafai kwa majuma. Wakati wa Kaskazi bahari hutulia na kusafika, na huo ndio msimu wa kuanza. Mkiwa na shaka, nendeni dikoni mkawaulize wavuvi wazee. Wao hujua maji ya leo yametoka wapi kwa kuyatazama rangi.

Mkiyafikisha nyumbani, yachujeni kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichooshwa bila sabuni, myafunike mahali penye giza kwa siku kumi hadi wiki mbili. Viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho vitakufa na kutuama chini. Kisha chukueni yaliyo juu, muyapulizie hewa siku nzima, mpime chumvi. Kipimo cha kuelea kinachoitwa haidromita ni cha bei nafuu na kinatosha. Kisome baina ya 1.024 na 1.026.

Kuna kanuni moja nawasihi kijana aiandike kwa kalamu na kuibandika ubavuni mwa hodhi: kinachokauka ni maji matamu tu, chumvi hubaki. Kila asubuhi mstari wa maji utakuwa umeshuka, na anayeongeza maji ya bahari juu yake anazidisha chumvi siku baada ya siku mpaka samaki wadhoofike. Kinachorudishwa ni maji matamu. Lakini yapi? Ya visima vya mjini Mombasa mengi ni ya magadi, na vingi vimepakana na mashimo ya vyoo. Ya bomba yana klorini. Yaliyo bora kwa mfuko wetu ni yale yaliyochujwa yanayouzwa mitaani kwa mtungi wa lita 20. Mtungi mmoja au miwili kwa juma yatosha hodhi hili, kutegemea joto na feni.

Mawe ni jambo linalohitaji sheria na insafu. Mwaka 1961 mfugaji mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza namna yake ya kufuga samaki wa bahari bila mitambo: alitia mawe yaliyo hai kutoka mwambani, pamoja na mapovu ya hewa kidogo, na hodhi likajisafisha lenyewe. Alikuwa mtu wa nchi ya joto, mkaa pwani kama sisi, na ulimwengu mzima wa wafugaji ulijifunza kwake. Siri yake ilikuwa bakteria wanaoishi katika vitundu vya mawe. Hata hivyo namna yake haifai kuigwa leo kwa kwenda kuvunja mwamba. Ndani ya mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, na ile ya Mombasa ya mwaka 1986, haifai kuchukua kitu, hata kombe tupu. Marjani ngumu zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara yake. Na wale wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 1998, bahari ilipopata joto la ajabu na matumbawe yetu yakageuka meupe na kufa kwa wingi. Kilichobaki na kilichoota upya baada ya hapo ndicho mazalio ya tafi na changu tunaowala. Kwenda na nyundo ili kupamba sebule ni dhulma kwa mvuvi na wanawe.

Badala yake tumieni jiwe la nchi kavu. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale, yanayochimbwa katika machimbo ya Kilifi na kwingineko, mbali na bahari. Vipande vinavyovunjika hubaki machimboni na mara nyingi hutolewa bure au kwa chai ya vibarua. Chagueni vyenye vitundu vingi na vyepesi kwa ukubwa wake. Tieni tone la siki: likitoa povu, ni jiwe la chokaa lenyewe. Visiwe vimeguswa na saruji wala rangi. Visugueni kwa burashi, muviloweke majuma mawili huku mkibadilisha maji, ndipo mvipange. Kilo 25 hadi 30 zinatosha. Pangeni mapango na vijia, jiwe la chini likae juu ya kioo chenyewe kabla ya mchanga kutiwa, kwa sababu samaki wachimbao wataporomosha mnara uliosimama juu ya mchanga. Mchanga wa sentimita mbili tu unatosha. Ama bakteria, mwombeni mfugaji mwingine kiganja cha mchanga wake au kijiwe kimoja kutoka hodhi lake lililokomaa. Hicho ni chachu, kama tuombavyo hamira kwa jirani.

Mashine ni chache kuliko muuzaji atakavyowaambia. Chini ya meza wekeni hodhi la pili dogo, au beseni gumu la plastiki la lita 60. Maji yashuke humo kwa bomba kutoka juu, yapite kwenye sponji na kichuja povu, kisha pampu iyarudishe. Kichuja povu hiki ni mnara unaopiga mapovu madogo na kukusanya mafuta na uchafu kabla haujaoza, nacho ni kitu ninachoshauri kununuliwa, hata kiwe cha mkono wa pili. Pampu ya kurudisha maji ipitishe takriban lita 1,200 kwa saa. Lakini nambari iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji. Ikipandisha mita moja na zaidi, nguvu hupungua sana, basi nunueni iliyoandikwa 2,000. Ongezeni pampu moja ndogo ya kuzungusha maji ndani ya hodhi la juu. Taa za LED za kawaida nyeupe na buluu, saa nane kwa siku, zatosha samaki. Taa za ghali ni za marjani, na marjani si habari ya mwaka wa kwanza. Dirisha la jua kali likaeni nalo mbali, kwa sababu ya joto na ukoga.

Mzee wa nyumba ataniuliza umeme. Pampu mbili na kichuja povu zikila wati 40 mchana na usiku, taa wati 50 kwa saa nane, na feni wati 15 kwa saa kumi na mbili, jumla ni uniti moja na nusu kwa siku, yaani kama uniti 46 kwa mwezi. Zidisheni kwa bei mnayonunulia tokeni. Huo ndio ushuru wa kila mwezi, karibu sawa na jokofu, na ni afadhali mjadiliane juu yake sasa kuliko mwezi wa tatu. Ikiwa nambari hiyo inawatia mashaka, mumeo amekwisha kushinda, na hakuna lawama.

Na umeme ukipotea? Mambo mawili hutokea. La kwanza, bomba la kurudisha maji hugeuka na kunyonya maji kutoka juu kuyateremsha chini, mpaka beseni lifurike na zulia lilowe. Dawa yake ni kutoboa kitundu kidogo kwenye bomba hilo, karibu kabisa na uso wa maji, ili livute hewa na kukata mnyonyo; na kuacha nafasi tupu ya lita 30 katika beseni la chini. Maji ya juu yakishuka sentimita mbili tu, tayari ni lita 12. Jaribuni kwa kuzima swichi wenyewe mchana, mkiwa na vitambaa mkononi, na msisubiri kampuni ya umeme iwajaribie. La pili ndilo lililowaua wale sita: kukosa hewa. Maji ya chumvi yenye joto hubeba hewa kidogo, na yakitulia samaki huanza kutweta baada ya saa chache. Nunueni pampu ndogo ya hewa ya waya wa USB na muichomeke kwenye pawabanki ya simu iliyojaa. Itapuliza usiku kucha. Bei yake ni ndogo kuliko samaki mmoja. Isipokuwapo, mtu achote maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, mara kumi kila robo saa. Ni kazi ya kuchosha, ila nimewahi kuona nyumba iliyokoa samaki wake wote kwa jagi la sharubati, watoto wakipokezana zamu mpaka alfajiri.

Nyaya zote zishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme, na soketi ziwe juu ya kiwango cha beseni. Mkono usiingizwe majini kabla ya kuzima swichi.

Joto la Februari na Machi litawasumbua zaidi ya baridi. Mfugaji wa Ulaya hununua kifaa cha kupasha maji, sisi hatukihitaji. Lengo ni nyuzi 25 hadi 27. Yakipita 30, ondoeni kifuniko muweke wavu, na muelekeze feni ndogo ipige usoni mwa maji. Maji yanayokauka huondoka na joto, na nyuzi mbili au tatu hushuka. Ila mtaongeza maji matamu zaidi, kama nilivyoeleza. Na dawa ya mbu ya kupuliza isitumiwe kabisa katika chumba hicho. Inayoua mbu huua na kamba. Marashi na losheni mikononi vioshwe kabla ya kugusa maji.

Sasa maji yamo, mawe yamo, pampu inazunguka, na kijana anasimama mbele ya hodhi tupu. Hapa ndipo wengi huharibu. Samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Makundi hayo huchukua majuma manne hadi sita kukua, na hakuna pesa inayoyaharakisha sana. Tieni kipande cha kamba aliyemenywa, ukubwa wa ukucha, akaoze. Pimeni amonia na nitriti kila siku ya tatu kwa vipimo vya matone, na kijana aandike katika daftari lenye tarehe. Ataona amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikipanda na kushuka. Siku zote mbili zitakaposoma sifuri, badilisheni sehemu ya tano ya maji, na hodhi liko tayari. Dada zangu, mtoto aliyeweza kungoja majuma sita mbele ya maji matupu, akipima na kuandika bila kuambiwa, amekwisha kumjibu babake.

Kuhusu samaki, nunueni kwa mkusanyaji mwenye kibali cha uvuvi, anayetumia wavu. Mwulizeni alimpata wapi na lini, na mwambieni amlishe mbele yenu. Asiyekula dukani hatakula kwenu. Aliyevuliwa kwa utupa au sumu yoyote hung’ara siku tatu, kisha hufa. Anzeni na wawili wale wa machungwa wenye mistari myeupe, ambao watoto wote huwaita Nemo. Ni wagumu, hawahitaji ile tandu ya baharini wanayoonekana nayo kwenye picha, na huweza kuishi zaidi ya miaka ishirini, basi mnajitwisha dhamana ndefu. Wana ajabu yao: wote huzaliwa madume, na mkubwa wao ndiye hugeuka jike na kushika utawala wa nyumba. Akifa, mumewe hugeuka jike na kuchukua nafasi yake. Baada ya mwezi ongezeni wengine, mmoja mmoja, wasipite saba wadogo kwa jumla, pamoja na kamba na konokono wachache wa kula ukoga.

Msichukue kangaja, kwani ahitaji mbio ndefu kuliko hodhi lenu. Chewa mdogo anapendeza, lakini atawameza wenziwe. Bunju akifa akiwa na hofu aweza kuwaua wote kwa sumu yake. Kipepeo wa matumbawe aghalabu hufa njaa, maana chakula chake ni marjani hai, na pweza atatoka kwa tundu la kupitisha waya. Farasi wa baharini naye ni wa mkataba wa CITES, tena mgumu kulisha, mwacheni majanini.

Chakula hakihitaji kopo la nje. Kamba, ngisi na samaki mweupe wasio na chumvi wala viungo, wakatwe vidogo, wasuuzwe, wagandishwe katika vijisahani vya barafu. Kiasi cha kumalizika katika dakika mbili, mara mbili kwa siku, hakuna zaidi. Mpangeni mmoja tu wa kulisha. Katika nyumba ya watoto watano, samaki hulishwa mara tano na maji huoza. Kila juma badilisheni lita 30 kwa maji ya bahari yaliyolala, mkinyonya uchafu wa mchangani kwa mpira.

Mkichoka na samaki, mpeni mfugaji mwingine, wala msimwage mahali msipomtoa. Samaki aina ya simba, ambao kwetu wamo tangu azali, walionekana kando ya Florida mwaka 1985, yamkini kwa kuachiliwa na wafugaji, na leo wameenea Karibiani yote wakila vitoto vya samaki wa huko.

Siku ya kumleta samaki wa kwanza, muwekeni kwanza katika beseni la pekee lenye hewa kwa majuma mawili hadi manne, mkitazama vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini mwake. Akiwa mzima, mtieni katika ndoo na maji yake, mdondoshee maji ya hodhi kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, kwa muda wa saa moja. Zimeni taa za hodhi. Mchukueni kwa kikombe cha plastiki mumwachie karibu na mawe, na maji ya ndoo myamwage nje. Msimlishe usiku huo, na watoto wasigonge kioo.